Taa ya Bucha, Taa ya Harusi

"Yatakufa tu," bosi aliniambia siku aliyokuwa akifunga mizigo ya kurudi kwao Ulaya. Alikuwa amesimama juu ya kiti sebuleni kwake Kimihurura, hapa Kigali, akiifungua taa iliyoning'inia juu ya tangi lake la samaki wa maji ya chumvi. "Samaki watakaa na wewe miaka mingi. Lakini matumbawe, bila taa hii, usijisumbue. Yatoe mapema yasije yakachafua maji."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema kwa upole huku akiizungushia taa taulo, kama daktari anayetoa habari ambayo kila mtu chumbani alishaijua. Nilimshikia kiti asianguke. Moyoni nikamjibu: tutaona.

Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka sita. Niliajiriwa kupika, kufua na kupiga pasi, lakini yeye alikuwa mtu wa safari, na tangi halisafiri. Kidogo kidogo likawa langu bila mtu kulitangaza. Mimi ndiye niliyechuja maji, nikachanganya chumvi maalumu ya bahari kwenye ndoo, nikapima ukali wake, nikakwangua vioo, nikalisha. Matumbawe niliyajua moja moja. Lilikuwepo la ngozi, lenye vidole kama glavu ya kuoshea vyombo. Lilikuwepo zulia la vijiua vya kijani. Na lilikuwepo kipenzi changu, lenye vichwa vitatu vilivyojaa vijimkono laini, kila kimoja na ncha kama nyundo. Asiyejua hudhani ni mawe au mimea. Ni wanyama, wana njaa zao na visirani vyao.

Kitu kimoja tu sikuruhusiwa kugusa, nacho ni taa. Iliendeshwa kwa simu yake. Jioni moja nilikuwa nimezamisha mkono ndani ya tangi mpaka begani, namwinua konokono aliyepinduka, mara giza. Yeye alikuwa bara jingine, labda kwenye mkutano, akaamua kwamba siku imekwisha. Nilibaki nimeinama gizani, mkono majini, nikitafuta namna ya kuutoa bila kuvunja kitu. Aliporudi nikamsimulia, akacheka sana. Kwa hiyo miaka sita nilijifunza kila kitu cha bahari ile isipokuwa mwanga, na ndiyo maana yaliyofuata yalinikuta sijui lolote kuhusu taa.

Nililihamishia tangi Nyamirambo, kwa dada yangu mkubwa, tunakoishi wawili. Samaki wanne na matumbawe walipanda pikapu ndani ya ndoo zenye vifuniko, na mimi nyuma nimezikumbatia. Dada alikubali kusogeza kochi lake, lakini si kwa kunyamaza. "Miaka sita," alisema, "halafu mtu anakuaga kwa maji?" Majirani wakaja kutazama na kucheka. Mmoja aliuliza kwa nini tusiwakaange, mwingine akanishauri nitumie chumvi ya jikoni nisihangaike. Niliwajibu wote. Mdomo ninao, sikatai.

Taa ilihitajika haraka. Kwa siku tatu matumbawe yalikuwa yanapata mwanga wa dirishani tu, na lile la nyundo lilianza kujikunja. Nikashuka Muhima kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nikaingia la kwanza lililokuwa na LED za kila umbo ukutani.

Hapa lazima nieleze Kiswahili changu. Nilizaliwa Tanga, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda waliokimbilia huko, na neno matumbawe nimekua nalo. Maji yakipwa tulikuwa tunayakanyaga kwa ndala na kupigwa kwa kosa hilo. Kigali wengi wanazungumza Kiswahili, lakini Kigali haina pwani, na neno hilo halina kazi yoyote hapa. Mimi sikuliwaza hilo hata kidogo. Nilimwambia mwenye duka, mwanamume wa makamo aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, "Natafuta taa ya matumbawe."

"Matumbo!" akasema, uso ukamchangamka. "Iko, mama. Iko ya mzuri sana. Wewe unaweka ndani ya vitirini?"

"Ndani ya kioo, ndiyo."

"Sawa sawa. Na maji?"

"Yanakaa kwenye maji ya chumvi."

"Na chumvi! Mama anajua kazi rwose, kabisa kabisa." Akapanda ngazi, akashusha boksi. "Hii unaweka juu ya kioo. Inatoa rangi fureshi. Watu watakura na macho kwanza."

Watakula kwa macho, nikawaza, maneno matamu hayo. Aliiwasha. Mwanga wake ulikuwa wa waridi, mpole, na viganja vyangu vilionekana kama vya mtoto mchanga. Bei ilikuwa ya mtu wa kawaida. Niliondoka Muhima nimevimba kichwa: bosi na taa yake ambayo kwa bei yake mtu angenunua pikipiki iliyotumika, na mimi nimemaliza shughuli kabla ya chakula cha mchana.

Na tangi lilipendeza, sitadanganya. Samaki wa rangi ya chungwa waliwaka kama makaa. Dada aliacha kununa, akawa anakunywa chai yake mbele ya kioo na kuwaita majirani wale wale waliocheka. Nilipiga picha nikamtumia bosi, hakujibu. Wiki ya pili vioo vikaanza kushika utelezi wa kahawia. Nikakwangua, kesho yake upo tena. Wiki ya tatu utelezi ukapanda mawe. Zulia la vijiua likajifunga. La nyundo likajivuta ndani ya mfupa wake, vichwa vyote vitatu, mpaka likabaki kama meno, na kichwa kimoja kikaanza kuchanika pembeni. Nilibadilisha maji. Nilipima kila kinachopimika, yote sawa. Niliogopa, na kilichonitisha si kulikosa lile tumbawe tu, bali kwamba lingekufa vilevile kama alivyosema, na mimi ndiye ningelitoa kwa mkono wangu.

Aliyefumbua fumbo ni muuza nyama wa mtaani kwetu, Mswahili wa Nyamirambo aliyezaliwa humo humo, aliyekuja kumletea dada mzigo wake wa nyama. Alisimama mlangoni na mfuko mkononi, akatazama tangi, akatazama taa.

"Dada, mbona umeweka taa ya bucha?"

"Taa ya nini?" nikamuuliza.

"Ya bucha. Hii hii ninayo dukani kwangu, juu ya matumbo. Nyama ikishinda siku mbili, ukiiwashia hii utadhani imechinjwa saa hii." Kisha akaona dada yangu amesimama na ule mfuko aliokwisha kuupokea. "Si kwamba ya kwangu inashinda," akaongeza haraka.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Matumbo! Na maji, na chumvi, na vitirini! Mimi pia nilicheka, kisha nikalitazama la nyundo lilivyojikunja pale, na hasira ikanipanda. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeliwashia taa iliyotengenezwa ili vilivyokufa vionekane vibichi. Niliichomoa palepale nikairudisha kwenye boksi lake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Muhima. Mwenye duka alinikumbuka. "Mama, biashara iko namna gani?"

"Biashara gani? Umeniuzia taa ya bucha."

"Si ulisema matumbo?"

"Nilisema matumbawe."

Alifikiri kidogo. "Sasa hayo ni matumbo ya nyama gani?"

Nikamweleza. Wanyama wa baharini, wanaokaa kama mawe, wanaoishi kwa mwanga. Alinisikiliza kwa huruma fulani hivi, kichwa upande. "Mama," akasema, "hapa Rwanda bahari haiko."

"Iko kwangu," nikamwambia. "Nyamirambo."

Alikataa kuipokea, eti imeshatumika. Basi nikavuta kiti cha wateja nikakaa karibu na mlango. Kila aliyeingia nilimsalimia vizuri, nikamsimulia, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili kadiri alivyopenda, jinsi nilivyouziwa taa ya nyama kwa ajili ya bahari. Sikumtukana mtu. Nilisimulia tu, na sauti nikaziigiza. Wateja walicheka sana, na wawili wakacheka mpaka wakatoka bila kununua. Hapo mwenye duka akashusha taa ya nje, ile ya mraba ya kuangazia ua, nyeupe ya baridi, akaniwekea mezani na kuichukua ya waridi.

"Mama, wewe uko kari," akasema.

"Niko kali, ndiyo," nikasema, nikabeba taa yangu.

Ile nyeupe ilisaidia. Utelezi ulipungua, samaki wakarudia rangi zao za kweli. Lakini la nyundo halikufunguka. Nilimeza kiburi nikamwandikia bosi kumuuliza taa yake ilikuwa ikitoa rangi gani. Alijibu baada ya siku mbili. Alinitumia picha ya taa mpya kutoka duka la kwao, bei yake imeandikwa chini, na maneno machache: nilikuambia, hili si jambo la kubahatisha. Nilisoma mara mbili, nikatamani kuitupa simu ukutani. Mimi sikumuuliza bei, nilimuuliza rangi. Mtu akikuuliza njia ya kwenda sokoni humwonyeshi gari lako.

Rangi nikaitafuta mwenyewe, kwenye simu, kwa taabu, neno kwa neno. Nikaelewa jambo moja la maana. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo ndio unaolilisha. Mwani huo hutaka zaidi mwanga wa buluu, kwa sababu baharini wekundu humezwa na maji juu juu, na buluu ndiyo inayofika chini. Sawa, buluu. Lakini buluu ipi? Muhima nilionyeshwa utepe wa kupambia baa, hafifu, usiotosha hata kumwonyesha mlevi mlango. Nilionyeshwa balbu iliyopakwa rangi kwa nje. Nilizunguka maduka mpaka wenye maduka wakaanza kuniita mama wa buluu, na kichwa kile kilichochanika kikazidi kuchanika.

Jibu nililikuta harusini. Binti wa jirani alikuwa anaolewa, na mimi na dada tulikaa viti vya nyuma, nimevaa umushanana wangu mweupe, vazi letu la sherehe. Alasiri ile, ilipofika zamu ya keki, mapazia ya ukumbi yalivutwa, jukwaa likawashwa buluu, na nguo yangu ikawaka. Haikung'aa tu, iliwaka kwa ule weupe wa zambarau unaoumiza jicho kidogo. Niliujua. Aproni yangu nyeupe ilikuwa ikiwaka hivyo hivyo kila jioni mbele ya tangi la bosi, muda mfupi kabla hajaizima taa yake kutoka huko aliko. Miaka sita nilikuwa nimelivaa jibu kifuani.

Niliinuka. Hotuba ya mjomba wa bwana harusi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, dada akanivuta nguo, sikukaa. Nilipita pembeni ya ukuta mpaka nyuma ya maua ya jukwaa, nikachuchumaa. Taa yenyewe ilikuwa ndogo, ya duara, nyeusi, kama kisufuria kilicholazwa, imejaa macho ya LED. Mpambaji wa ukumbi, mwanamke mwenye kalamu sikioni, alinikuta hapo na umushanana wangu umegusa sakafu.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Hapana," nikasema. "Nimekipata."

Ghala lake lilikuwa Masoro, pembezoni mwa mji. Siku mbili baadaye nikaenda huko, akaniuzia moja iliyokwaruzika na kupoteza rimoti yake, kwa bei ndogo kuliko ile ya bucha. Alitaka kujua ni ya harusi ya nani. Nikamwambia ni ya matumbawe, na safari hii nililitamka neno hilo polepole, kipande kwa kipande, kisha nikachora picha kwenye vumbi la meza yake ili asije akanipa kitu kingine.

Nilipoiwasha nyumbani ilitulia buluu, nzuri, nikapumua. Dada akacheka kitu fulani jikoni, taa ikaruka ikawa nyekundu. Akauliza kuna nini, ikawa kijani. Ilikuwa imepangwa icheze na sauti. Msikiti ulipoadhini adhuhuri tangi zima lilianza kubadilika rangi na samaki wakajificha nyuma ya mawe. Nilikaa na pini nikivibonyeza vitufe vidogo vya mgongoni, dada akiwa ameamriwa kunyamaza, jambo gumu kwake kuliko kwa taa, mpaka buluu ikakaa na kubaki.

Siku ya nne vijiua vya kijani vilikuwa vimepauka. Mwanga ulikuwa mwingi mno kwa viumbe vilivyoshinda wiki kadhaa katika giza la waridi. Hapo nilimsikia bosi kabisa, sauti yake ya upole, yatakufa tu, na nikamjibu kwa sauti mle sebuleni, peke yangu, neno ambalo siwezi kuliandika. Nikachukua chandarua kikuukuu, nikakikata, nikakikunja mara nne, nikakikaza kwenye fremu ya mbao chini ya taa. Kila wiki nilipunguza mkunjo mmoja. Buluu niliiwasha saa tatu asubuhi na kuizima saa kumi na mbili na nusu jioni. Ile nyeupe ya ua niliiwasha saa chache tu za mchana.

"Sasa samaki nao wanaogopa malaria?" dada akauliza.

"Wanaogopa maneno yako," nikamwambia.

Mkunjo wa tatu ulipotoka, zulia la vijiua lilifunguka lote. La nyundo lilinichelewesha. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikwenda kulitazama, na kila asubuhi lilikuwa meno matupu. Halafu siku moja ncha moja ilikuwa nje. Moja tu, ndogo kama kichwa cha kiberiti, inayumba na maji. Nililia, na sioni aibu kusema. Kufikia mwisho wa mwezi ule kichwa kilichochanika kilikuwa kimejifunga jeraha, na mwaka uliofuata vichwa viwili vikajigawa, kama vinavyofanya vikishiba.

Bosi alirudi Kigali kwa wiki moja ya kikazi. Alinipigia simu akasema angependa kuliona tangi lake. Alisema hivyo, tangi lake. Nikamkaribisha saa kumi na moja jioni.

Alikaa kwenye kochi la dada na kikombe cha chai. Kwanza alisimulia safari yake, kisha akaligeukia tangi. Akasogea mbele, mkono mmoja gotini. Nilimwona anahesabu kwa midomo.

"Vitano," akasema. "Vilikuwa vitatu."

"Vilikuwa vitatu."

"Ulinunua taa gani?"

"Ya harusi, bosi."

Alicheka, akidhani ni utani. Akainua macho kuitazama, akakiona kile kisufuria kilichokwaruzika kimening'inia kwa mnyororo wa mbwa, na pembeni yake ile taa ya mraba ya ua. Hakucheka tena. Aliuliza mengi, nami nikamweleza yote, mpaka chandarua. Ya matumbo nilimficha, hayo ni yangu na dada. Mwishoni akaegemea kochi, akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli kabisa.

"Nilijua utaweza," akasema.

Miaka sita nilimwitikia ndiyo. Ndiyo bosi, sawa bosi, nimekusikia bosi. Sijui kama aliwahi kusikia neno jingine kutoka kwangu.

"Hukujua, bosi," nikamwambia. "Ulisema yatakufa tu. Ulisema niyatoe mapema yasichafue maji."

Alinitazama. Alisema hakumbuki. Nadhani alisema kweli; kwake yalikuwa maneno ya siku ya kufunga mizigo. Nikamwambia mimi nakumbuka, na kwamba yalinisaidia sana.

Nje jua lilikuwa limeshazama na hakuna aliyekuwa amewasha taa ya chumba, kwa hiyo mwanga wote pale ndani ulikuwa ule wa tangi, na shati lake jeupe lilikuwa linawaka buluu. Akatoa simu, akaisogeza karibu na kioo ili apige picha za la nyundo. Niliangalia saa ya ukutani, nikainuka, nikaenda kusimama kwenye swichi.

"Dakika moja tu," akasema, bila kugeuka.

"Saa kumi na mbili na nusu," nikasema. "Yanalala."

Nikazima. Nikamsikia gizani akipapasa, akitafuta pa kuweka kikombe.